Sura ya Tisa: Meno ya Muuzaji

Régina alisimama karibu sana na mlango wa kibanda hata muuza sabuni wa jirani akadhani macho yake ni mabovu. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa uji wa muhogo, na mvua ya jana ilikuwa imeshaanza kuvuta rangi yake kwenda chini.

MENO LULU. Siku moja tu, meno meupe kama maziwa. Dawa ya asili, haina kemikali. Imepimwa Ulaya. Daktari wa meno anaitumia yeye mwenyewe.

Juu ya maneno hayo mwanamume wa makamo, mwenye nguo nyeupe na kipima-moyo shingoni, alikuwa akicheka kwa meno yote.

"Imepimwa Ulaya wapi?" Régina akauliza.

Fabrice, polisi aliyepewa kumsaidia katika kesi hii, aliinua mabega. "Ulaya, mama OPJ. Ulaya iko Ulaya."

"Nchi haina jina. Maabara haina jina. Daktari naye hana jina. Mutu anayesema kweli anaogopa nini kutaja jina? Na hii kitu ya shingoni?"

"Ya kusikiliza moyo."

"Dantiste anasikiliza moyo wa jino?"

Muuza sabuni alicheka. Régina hakucheka. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kulibandua tangazo taratibu kutoka juu, na alipofika shingoni mwa yule daktari akasimamisha mkono. Chini ya kipima-moyo, nguo haikuwa na kola wala vifungo. Ilikuwa na darizi ya uzi mweupe iliyozunguka shingo, na kishada chembamba kilichoning'inia kifuani.

"Hii si koti ya daktari. Ni kanzu," akasema. "Walimupiga picha akienda musikitini ao akitoka. Hii ya moyo waliiongeza baadaye."

"Kanzu za Kasongo ziko nyingi kuliko mbuzi, mama."

"Basi tutauliza mbuzi mumoja mumoja."

Alikuwa mkali hivyo tangu Jumatatu, na sababu haikuwa tangazo. Sonia, mwenye kibanda hiki, alikuwa katika kasho, mahabusu ya polisi, na mtoto wa kunyonya, tangu siku Esther-Divine, binti aliyenunua dawa kwake, alipopelekwa hospitali mdomo umeungua. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasema neno lake: Régina amlete anayetengeneza dawa hiyo kabla ya juma kwisha, la sivyo Sonia ataibeba kesi peke yake, na ataingia gereza kuu yeye na mtoto mgongoni. Régina alikuwa OPJ, mpelelezi wa polisi, wa siku nyingi. Alijua kuwa mwanamke wa kuuza nyanya na mafuta ya nywele hawezi kuamka asubuhi moja akatengeneza dawa iliyopimwa Ulaya.

Hospitalini, muuguzi wa meno alikuwa kijana aitwaye Serge, mwenye subira nyingi kuliko dawa. Alimwomba Esther-Divine aondoe kitambaa mdomoni. Binti akatazama ukutani, akakiondoa.

Fizi zake zilikuwa za kijivu, kama nyama iliyochemshwa ikasahauliwa. Lakini meno yalikuwa meupe. Meupe kabisa, kama ukuta uliopakwa chokaa, na kama chokaa hayakuwa na mng'aro wowote. Mawili ya mbele yalikuwa yamemeguka pembeni.

"Jino lina ngozi yake ngumu ya juu," Serge akasema. "Ndiyo inayong'aa. Ukiweka asidi, ile ngozi inaliwa. Siku ya kwanza utaona jino limekuwa jeupe, na ni kweli limekuwa jeupe. Hauoni jino tena, unaona kidonda cha jino. Kisha linaanza kumeguka."

"Asidi gani?"

"Sina mashine ya kunijibu hiyo, mama. Najua tu kama si limau."

Régina alivuta kiti. "Binti yangu, ulitumia mara ngapi?"

Esther-Divine aliongea huku mdomo haufunguki sawasawa. "Sonia alisema tone moja. Siku ya kwanza ilifanya kazi, mama. Ilifanya kazi kweli. Nikasema niongeze, juu ya harusi yangu. Watu wangepiga picha."

"Maumivu ulisikia?"

"Nilisikia. Nikasema ndiyo dawa inafanya kazi."

Mama yake binti, aliyekuwa amekaa mguuni mwa kitanda, akasema bila kuinua kichwa, "Sasa wakwe wamesema wangojee kwanza. Wangojee nini? Meno yaote kama mahindi?"

Esther-Divine alijifunika tena kitambaa.

Kasho ya polisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, na kwa ajili ya mtoto walikuwa wamemruhusu Sonia kukaa kwenye kizingiti mchana. Régina alimkuta akimpangusa mtoto uso. Alikaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, wakawa ana kwa ana.

"Dawa inatoka wapi?"

"Salamabila. Kwa patro Marcellin, tajiri wa kule. Nimeshasema hiyo kwa ule polisi muzee wa kwanza, akaandika, akasema karatasi imekwisha."

"Utaisema tena. Marcellin anafanya kazi gani?"

"Ananunua dhahabu. Kila mutu anamujua."

"Na matangazo?"

"Yalikuja na muzigo. Mimi kusoma nasoma, lakini kuandika vile siwezi, mama OPJ. Ona maneno yale. Mimi ningeandika 'kemikali'?"

"Uliamini yale maneno?"

Sonia aliinua uso, akafungua mdomo wazi kabisa, kama mtoto mbele ya muuguzi. "Angalia mwenyewe. Ninatumiaka kila asubuhi. Kama ni sumu, mimi ningekuwa na meno haya?"

Régina aliangalia. Aliinama akaangalia vizuri, mwanga wa mlangoni ukiingia hadi magego. Meno yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazima, yenye unjano kidogo karibu na fizi, na yaling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Funga," akasema.

Hakuandika kitu. Walipokuwa wakitoka Fabrice akasema, "Umeona, mama? Anatumia na iko muzima. Pengine yule binti alichanganya na kitu ingine."

"Umeona meno ya Esther-Divine?"

"Meupe."

"Na ya Sonia?"

Fabrice alitembea hatua chache. "Ya Sonia yanang'aa," akasema polepole.

"Tengeneza pikipiki. Kesho tunapanda Kabambare, njia ya Salamabila."

Mbuzi wa kwanza kuulizwa ndiye aliyejibu. Katika msikiti mkubwa wa Kasongo, mzee mmoja aliitazama picha akaguna: huyo ni Assumani, fundi wa pikipiki wa Wamaza, mtoto wa marehemu dada yake, amekuwa daktari tangu lini? Basi walikwenda Wamaza, barabara ikiwa tope la kufika magotini, wakilala Kabambare na kuendelea asubuhi, mara pikipiki ikiwabeba, mara wao wakiibeba.

Assumani alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu. Alipotoka na kuona picha yake, alifuta mikono kwenye suruali na kucheka sana, na meno aliyoyaonyesha yalikuwa ya kahawia iliyoiva, meno ya mtu anayetafuna kokwa za kola tangu alfajiri.

"Ndiyo, ni mimi. Ni picha ya Idi ya mwaka juzi. Marcellin alikuja kutupa salamu, akatoa simu, akasema Assumani cheka. Nikacheka. Ningejua ninakuwa dokta ningevaa viatu."

"Uliona Marcellin mwenyewe akipiga?"

"Kwa macho haya. Aliniletea mbuzi ya feti ya Idi, ningemukatalia picha?"

"Na ulipoona tangazo, haukusema kitu?"

Kicheko chake kilipungua. "Nilisema. Nani atanisikia? Watu walianza kuja, mama. Anakuja mama na shavu limevimba, analia. Ninamwambia mimi ni fundi wa pikipiki. Anasema hapana, wewe dokta, nimekuona Kasongo sokoni. Anakaa hapo. Haondoki."

"Ukafanya nini?"

Assumani alitazama kisanduku chake cha vifaa. "Nina koleo," akasema.

Fabrice alisonya kimoyomoyo, sauti ikatoka. Régina aliandika hata hilo. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za mvua, "Sonia unamujua?"

"Sonia? Yule ni fundi kuliko mimi." Assumani alirudi kwenye furaha yake, kama mtu aliyepewa njia ya kutoka. "Akitoka Salamabila na muzigo anafikia hapa kwangu, muke wangu anamupikia. Asubuhi ya soko anachukua masizi ya sufuria, anachanganya na mawese, anapaka meno. Nyuma yake anatafuna kola juu. Kinywa kinakuwa cha kutisha. Anaenda sokoni, anapanda juu ya kiti, anawaambia watu: oneni mimi nilivyo. Anatoa chupa, anaangusha tone ku kitambaa, anasugua, anasugua. Meno yale. Watu wanapiga makofi. Hata mimi ninayejua, ninapigaka makofi."

"Tone la dawa lile lile?"

"Wapi. Chupa yake ilikuwa na maji na chumvi. Ya kuuza iko upande mwingine." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Ule mwanamuke iko na akili."

Kalamu ya Régina ilisimama, kisha ikaendelea. Aliandika masizi, aliandika mawese, aliandika kola na maji ya chumvi. Akamsomea Assumani yote kuanzia mwanzo, naye akaweka sahihi bila wasiwasi, akiuliza tu kama lile la koleo linaweza kuandikwa kwa namna nyingine.

Barabarani, walipokuwa wamesimama kusafisha tope kwenye mnyororo, Fabrice alisema, "Mama, ile ya masizi ungeiacha."

"Kwa nini?"

"Karatasi ile inamukamata Marcellin kwa picha. Tulikuja kwa hiyo. Sasa inamukamata na Sonia."

"Nikiikata, wakili wa Marcellin ataanzia pale pale palipokatwa. Atamuleta Assumani mbele ya jaji, na Assumani ataongea. Umeona anavyoongea. Nyuma yake hata ile ya picha itatupwa." Alipiga mnyororo na fimbo. "Sikuenda kutafuta masizi. Nimeyakuta."

Salamabila kulikuwa na kelele za pikipiki na muziki wa asubuhi, na wachimbaji waliojaa tope jekundu hadi nyusi. Duka la Marcellin la kununulia dhahabu lilikuwa na pazia la shanga na mizani iliyofunikwa kwa kioo. Nje walikaa vijana wawili wenye bunduki, bila sare, wakila ndizi za kuchoma. Mmoja akampisha Régina kwa adabu nyingi, kama bawabu wa harusi.

Marcellin alikuwa mtu mwembamba, mwenye sweta hata kwenye joto. Aliwaagizia chai kabla hawajaeleza shida.

"Mama OPJ wa Kasongo," akasema. "Habari yako imefika mbele yako. Unataka kuuza hereni?"

"Zipime kwanza."

Régina alivua hereni moja akaiweka kwenye kaunta. Marcellin aliisugua kwenye jiwe jeusi hadi ikaacha mstari wa njano, akachukua chupa ndogo ya kahawia yenye kifuniko cha mpira mwekundu, akaangusha tone. Mstari ukatokota, ukawa kijani, ukapotea.

"Pole. Bwana yako alikudanganya."

"Nilinunua mwenyewe." Régina akavua ya pili, akaisugua mwenyewe kwenye jiwe lile lile. Kisha akatoa mkobani chupa ya Meno Lulu iliyochukuliwa kibandani kwa Sonia. Ilikuwa ya kahawia, yenye kifuniko cha mpira mwekundu. Aliangusha tone. Safari hii mstari haukutokota haraka. Ulisitasita, ukatoa povu dogo pembeni, ukawa kijani, na mwishowe ukapotea kama wa kwanza.

Chai ilikuwa ikitoa moshi.

"Ni ile ile," Régina akasema. "Umeitia maji tu."

"Niliitia maji," Marcellin akakubali. "Yenye nguvu ingepasua chupa njiani. Ninauzia watu wengi maji ya kupimia. Tangu lini ni kosa?"

"Tangu yaingie mukinywa ya mutoto wa watu."

"Soma chupa, mama. Bandua ile karatasi ya Sonia, soma chini yake. Kuna mahali nimeandika meno?" Alisukuma sukari kwenda upande wa Régina. "Siku moja alikuwa amekaa hapo ulipokaa. Aliniona nikisafisha punje chafu za dhahabu, zinaingia nyeusi, zinatoka zinang'aa. Akauliza, na jino je? Nikacheka. Watu wa migodi ndivyo tulivyo, kitu kikisafisha dhahabu tunafikiri kitasafisha hata roho. Yeye hakucheka."

"Na picha ya Assumani?"

"Ninapigaka picha za watu wengi. Nikamutumia Sonia, alikuwa anaipenda. Leta mutu aliyeniona nikibandika ile kitu ya moyo."

"Tangazo lilichapishwa wapi?"

"Muulize mwenye tangazo."

Uongo wake ulikuwa umenyooka, na pengine nusu yake ilikuwa kweli, na Régina hakuwa na chombo cha kuutenganisha na kweli kama alivyoutenganisha mstari wa hereni. Kumkamata hakuweza. Kibali chake kilihitaji muhuri wa kamanda wa polisi wa pale, na kamanda wa pale aliingia wakati huo huo kupitia pazia la shanga, akamwamkia Marcellin kwanza, akaketi, na kikombe chake kikaletwa bila yeye kukiomba.

"Acha karatasi," kamanda akamwambia Régina kwa upole. "Tutamutafuta huyo Marcellin."

Marcellin alikoroga chai yake, macho chini.

Huko Kasongo, mwendesha mashtaka alisoma faili lote akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya ofisi yake; hakuwa amenunuliwa, na Régina angefurahi kama angekuwa amenunuliwa, maana hapo pangekuwa na mtu wa kumchukia.

"Barua ya kamanda imefika kabla yako, kwa simu," akasema. "Marcellin hakupatikana Salamabila."

"Nilikunywa chai yake."

"Sina shaka. Lakini pale mikono yetu haifiki, na unajua. Kilichobaki hapa ni asidi bila jina na picha ya Idi." Akageuza ukurasa. "Na hii ya masizi. Hii ni nzito, mama Régina. Umefanya kazi nzuri sana."

"Sikuifanya kwa ajili hiyo."

"Najua." Alifunga faili. "Nafasi iko moja. Kama Sonia aliiamini dawa, basi naye alidanganywa. Masizi ni ujanja wa sokoni tu, kila mutu anapamba bidhaa yake. Nitaandika uzembe, na anaweza kungojea kesi nyumbani na mutoto. Lakini kama aliiogopa, akaiuza akijua inafaa kuogopwa, hiyo ni kitu ingine. Anasema alitumia?"

"Anasema."

"Alitumia?"

"Hapana."

"Basi muulize kwa nini. Andika atakachosema, uniletee leo."

Régina alimkuta Sonia kizingitini, mtoto ananyonya. Fabrice akabaki amesimama. Safari hii Régina hakukaa.

"Haukuweka dawa ile mukinywa hata siku moja. Usiniapie. Meno yako yananiambia. Na Assumani ameniambia habari ya masizi."

Sonia alitazama chini. "Assumani," akasema, bila hasira. "Mudomo yake haina mulango."

"Ninataka kujua kitu kimoja. Kwa nini haukuitumia? Fikiri vizuri mbele ya kujibu." Kisha Régina akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtuhumiwa yeyote. Akamwonyesha njia ya kutokea. "Ilikuwa bidhaa ya kuuza. Pengine haukutaka kuimaliza. Pengine meno yako hayakuwa na shida, haukuona haja."

Fabrice alikohoa, akageukia uani.

Lakini Sonia alikuwa amekaa siku zile zote akiulizwa habari za chupa, karatasi na patro, na hili lilikuwa swali la kwanza alilokuwa na jibu lake safi. Uso wake ulitulia. Alimweka mtoto vizuri kifuani.

"Hapana, mama. Nilikuwa na huyu tumboni. Ile maji ilikuwa inanuka, tone likianguka ku nguo linatoboa. Kitu haujui kimetoka wapi hauweki mukinywa ukiwa na mimba. Wewe ni mama, unajua."

"Na wale uliowauzia?"

Sonia alifikiri, akitafuta kwa uaminifu.

"Wao hawakuwa na mimba," akasema.

Mtoto aliachia ziwa, akatazama, akarudi. Uani mtu alikuwa akipasua kuni. Régina aliiegemeza karatasi ukutani, akaandika neno kwa neno kama lilivyosemwa, harufu na nguo na mimba, kwa mwandiko wake ule ulionyooka ambao majaji walikuwa wakiusifu. Alipomaliza alipuliza wino.

"Ile imesaidia, mama?" Sonia akauliza.

Régina alifungua kikopo cha wino wa bluu, akainama, akamshika kidole gumba cha mkono usiombeba mtoto, na kumwonyesha mahali pa kukiweka.